Cornas: divai niliyoimwaga kwenye sinki, kisha nikaibebea tenga

Mwaka wangu wa kwanza Valence, mji wa kusini-mashariki mwa Ufaransa, nilimwaga Cornas, divai nyekundu ya kijiji cha jirani, kwenye sinki. Chupa karibu nzima. Nilikuwa nimeilipia euro 38, na kwa mtu ambaye kazi yake ilikuwa kusugua masufuria ya mgahawa, hiyo ni nusu siku ya kuumwa mgongo. Nilipoonja nikahisi kama nimetafuna ganda la ndizi mbichi: ulimi umekauka, fizi zimevutana, na nyuma yake ladha ya jamu iliyoungulia chini ya chungu. Nikajiuliza, hii ndiyo divai ambayo wapishi wetu wanaitaja kwa sauti ya chini kama watu walio matangani? Basi mimi nabaki na bia yangu.

Sasa ni miaka tisa. Nimetoka kwenye masufuria nimefika kwenye jiko lenyewe, na chupa ile nimeshaielewa. Makosa yalikuwa mawili. La kwanza langu: niliifungua ikiwa na miaka miwili tu. La pili ni la dukani: ilikuwa imesimamishwa kwenye rafu ya dirishani, jua la Julai linaipiga, na aliyeniuzia akaniambia ni ya kunywa jioni ileile. Duka silitaji. Ila tangu siku hiyo sinunui divai iliyoanikwa juani hata ikipunguzwa bei nusu, hasa ikipunguzwa bei nusu.

Wageni wangu wakija huku wanataka divai za Hermitage au Châteauneuf-du-Pape, majina waliyoyasikia. Mimi nawapeleka Cornas. Kutoka kituo cha treni cha Valence ni kama kilomita saba, na mimi huenda kwa baiskeli: unavuka mto Rhône, unaona magofu ya ngome ya Crussol juu ya jabali la chokaa, unapita Saint-Péray, halafu unauona mnara wa kanisa umechongoka kama penseli. Umefika.

Kijiji chenyewe, nisikudanganye, hakina cha kupiga picha. Barabara moja kubwa yenye magari mengi, nyumba za mawe, na nyumba mpya za watu wanaofanya kazi Valence. Kuna wakati nyumba hizo zilikuwa tishio kweli, maana kipande cha ardhi kilikuwa na faida zaidi kikijengwa kuliko kikilimwa, na vijana hawakuona sababu ya kujivunja miguu mlimani kwa divai iliyouzwa bei ya chini. Leo mizabibu imerudi, hekta kama 150 hivi kwa eneo zima lenye haki ya jina la Cornas. Kule Bordeaux kuna mashamba ya tajiri mmoja yanayokaribia ukubwa huo.

Cha kutazama kiko nyuma ya nyumba. Geuka upande wa magharibi, inua uso. Mlima umesimama kama bakuli lililokatwa katikati, na ukutani mwake kuna matuta juu ya matuta, kila tuta limeshikiliwa na ukuta wa mawe uliopangwa bila saruji. Wenyeji huyaita matuta hayo chaillées. Bakuli limeelekea jua la asubuhi na limeupa mgongo upepo wa mistral, ule wa kutoka kaskazini unaoweza kukuangusha na baiskeli yako. Ndiyo maana zabibu za hapa mara nyingi huiva kabla ya zile za Hermitage, na Hermitage si mbali, ni mwendo mfupi tu kupanda na mto. Wenyeji watakuambia jina Cornas limetoka kwenye lugha ya kale ya Wakelti na maana yake ni ardhi iliyoungua. Nimefanya kazi mle saa nane mchana. Siwabishii.

Ilikuwa hivi. Septemba moja mgahawa ulifungwa kwa matengenezo, nami nikaomba kibarua cha kuvuna. Siku tisa. Jina la shamba nalihifadhi, nilikuwa kibarua tu na mengi niliyoyasikia mle hayakusemwa kwa ajili yangu. Mimi nimekulia Lushoto, kwa hiyo niliona mteremko si kitu cha kunitisha. Kumbe Lushoto nilikuwa napanda nikiwa mikono mitupu. Cornas nilipewa tenga la plastiki la mgongoni, wenzangu wanakata vichala wanavimwaga humo, nami nashuka nalo hadi njia ya gari. Trekta haipiti kwenye matuta. Kulima kwenyewe mahali pengine ni jembe linalovutwa na winchi iliyotegwa juu, mtu anashuka nalo analishikilia.

Nataka nikueleze udongo ule, maana ndiyo divai yenyewe. Ni graniti iliyooza. Ukiuchota mkononi ni punje punje, rangi ya njano iliyochanganyika na kijivu, na ndani yake vipande vinavyong'aa kama magamba ya samaki. Wao huuita gore. Juu ya mteremko ule unateleza chini ya kiatu kama umekanyaga mahindi makavu yaliyomwagika kwenye sakafu ya saruji. Siku ya kwanza nilianguka mara tatu, na mara zote tatu nilijishika kwenye mzabibu. Mara ya tatu mzee mmoja, kibarua wa miaka mingi, akaniita kwa nguvu: "Kijana, shika kigingi! Kigingi tunanunua, mzabibu huo ulipandwa na babu wa mwenye shamba!" Kila mzabibu huku una kigingi chake cha mbao, hakuna nyaya, na ile miti ya zamani imejikunja kama mkono wa bibi anayesuka ukili. Mvua ya radi ikishuka, gore inateremka nayo, na baadaye kuna watu wanaoipandisha tena juu. Nilipoambiwa hivyo nilidhani ni utani.

Si Cornas yote iko hivyo. Kaskazini, jirani na kilima cha Arlettes, chokaa inajichanganya na graniti. Chini karibu na nyumba, kama Les Mazards, udongo ni mzito zaidi, una mfinyanzi na kokoto, na kazi ni rahisi. Vipande vinavyopiganiwa viko juu: Reynard nyuma kabisa ya kijiji, La Geynale ubavuni mwake, na Chaillot kuelekea kaskazini. Majina haya yakumbuke, yatakusaidia kusoma chupa. Na kuhusu zabibu huna haja ya kukumbuka mengi. Tangu Cornas ipewe hadhi ya jina linalolindwa kisheria mwaka 1938, ni divai nyekundu tu, na ni zabibu ya Syrah peke yake. Majirani Hermitage wanaruhusiwa kutia zabibu nyeupe kidogo, Côte-Rôtie nao wanaruhusiwa zabibu nyeupe ya Viognier, kulainisha na kunukiza. Cornas hairuhusiwi kitu. Inakuja kama ilivyo.

Inavyokuja ikiwa changa ni nyeusi, glasi haioneshi mwanga upande wa pili, na ina ukakasi wa kutosha kuvaa shati. Ladha ni forosadi, pilipili manga, zeituni nyeusi, nyama iliyokaushwa kwa moshi, na kitu kama chuma ulichokilamba ukiwa mtoto. Ikipita miaka minane au kumi ukakasi unalala. Haupotei, unalala tu, na hapo ndipo harufu zinaamka.

Sasa niwaseme wenyewe wanaoitengeneza, kwa wale niliobahatika kuwaonja. Sitawataja wote.

Clape ndiyo mlango. Auguste Clape, aliyefariki 2018, alikuwa miongoni mwa wa kwanza kijijini kuacha kuuza divai yao kwa mapipa kwa wafanyabiashara na kuitia kwenye chupa zenye jina lao. Leo ni mwanawe na mjukuu wake. Mhudumu wetu wa divai alinichukua siku moja kwenye ghala lao, kwa sharti kwamba nifunge mdomo. Nilitarajia maringo. Nilikuta mapipa makuukuu meusi na ukungu ukutani. Wao wanachachua zabibu na vikonyo vyake kwenye matangi ya saruji, kisha kila kipande cha shamba kinakaa kwenye pipa lake, na unaonjeshwa pipa kwa pipa kabla hawajachanganya. Hapo ndipo nilipoelewa habari ya udongo. Pipa la zabibu za chini lilikuwa la mviringo, la matunda, zuri, na limekwisha upesi. Pipa la juu lilikuwa gumu, limefunga uso kama mtu uliyemwamsha usingizini, lakini nilipotoka nje dakika kumi baadaye bado lilikuwa mdomoni. Cornas yao ni mchanganyiko wa hayo yote, na nikilazimishwa kuchagua chupa moja ya kijiji hiki nitachagua hiyo. Bei imepanda mno, siku hizi inavuka euro 100 bila haya. Wana pia Renaissance, ya mizabibu michanga zaidi, na wana Vin des Amis, Syrah ya tambarare isiyo na haki ya jina la Cornas. Hiyo ya mwisho ndiyo siri ya wapishi wa Valence. Sasa si siri tena.

Thierry Allemand hakurithi shamba la divai. Alijifunza kazi kwa Robert Michel, mtengenezaji wa Cornas, akaanza kutengeneza yake 1982, akichukua matuta yaliyotelekezwa, yameota vichaka, akayasafisha na kuzisimamisha upya kuta zake jiwe kwa jiwe. Mimi niliyeanguka mara tatu kwenye matuta yaliyo tayari navua kofia. Ana divai mbili za Cornas: Chaillot ya mizabibu michanga na Reynard ya mizabibu mizee, na hutumia salfa, dawa ya kuhifadhi divai, kidogo sana. Reynard yake bei yake ni ya watu wengine. Nimeionja mara moja, kwa sababu mteja aliondoka akaacha vidole viwili chini ya chupa na mhudumu akairudisha jikoni. Tuligawana watu wanne na vijiko vya supu. Nilitaka kuwa na la kuikosoa. Ilikuwa laini kuliko Cornas yoyote niliyowahi kuonja na bado ilikuwa na mlima ndani yake. Basi.

Noël Verset siwezi kumpitia bila kumtaja ingawa divai yake sijawahi kuionja wala sitaionja. Alikuwa mzee wa kijiji, amelima mpaka uzeeni, akafariki 2015 akiwa na miaka 95, na chupa zake sasa zinauzwa kwenye minada kwa bei ambayo yeye mwenyewe, nadhani, angecheka. Mizabibu yake mingine iko kwa Franck Balthazar, na huku kwa Balthazar ndiko ninakokwenda nikitaka Cornas ya kizamani bila kuuza baiskeli. Chaillot yake haina ladha ya mapipa mapya ya mbao, haina manukato, ni divai kavu ya mtu asiyependa maneno mengi.

Wa kuanzia? Vincent Paris, mpwa wa Robert Michel. Granit 30 ndiyo chupa ninayowapa wageni wasioijua Cornas, maana inanyweka baada ya miaka minne mitano na mara ya mwisho niliponunua haikuwa imefika euro 40. Granit 60 inatoka kwenye mizabibu mizee zaidi, iweke. La Geynale ni ya mizabibu ya mjomba wake, iweke na uisahau. Stéphane Robert wa Domaine du Tunnel anahifadhi divai yake kwenye lililokuwa handaki la reli kule Saint-Péray, na ingawa mtu hanunui divai kwa sababu ya handaki, nakiri lilinivutia. Zake ni nene, za kupendeza mapema.

Halafu kuna mzozo. Miaka ya 1980 Jean-Luc Colombo, mtaalamu wa divai aliyetoka nje, alifika kijijini na mawazo mapya: ondoa vikonyo, safisha ghala, tia divai kwenye mapipa mapya ya mwaloni. Wazee walinuna, wanunuzi wa ng'ambo wakapiga makofi. Msimamo wangu ni wa mpishi. Mbao mpya kwenye Cornas ni kama kutia maziwa ya nazi kwenye nyama choma. Nyama itakuwa laini, itakuwa tamu, na wewe utakaa unajiuliza moshi umekwenda wapi. Courbis nao, pamoja na Sabarotte yao inayosifiwa, wako upande huo wa kisasa, na nakiri Sabarotte ya miaka kumi na miwili ilinifanya nimeze nusu ya maneno yangu, maana mbao zilishayeyuka. Nusu tu. Kwa upande wa usafi wa ghala Colombo alikuwa na haki kabisa. Chupa za kizamani zenye harufu ya zizi nimeshakutana nazo, na anayekuambia hiyo ndiyo ladha ya ardhi anakuuzia zizi.

Alain Voge, aliyefariki 2020, niliwahi kumdharau kwa sababu chupa zake ziko kila mahali. Nilikosea. Les Vieilles Vignes ni Cornas ya katikati ya barabara kwa maana nzuri, na kama unataka kitu cheupe cha kungojea chakula, divai zao za Saint-Péray, za zabibu nyeupe ya Marsanne, zinatosha kukufanya usahau njaa.

Malalamiko yangu kwa kijiji ni mawili. Kwanza, usije Jumamosi mchana ukategemea kugonga mlango ukaonja. Hawa ni watu wachache wenye mashamba madogo, wengi wameshauza kila kitu, na yule uliyetaka kumwona yuko juu mlimani. Piga simu wiki moja kabla, ongea taratibu, sema unatoka mbali. Au njoo mwanzoni mwa Desemba kwenye soko lao la divai, uonje kwa wengi siku moja, uvae sweta mbili. Pili, bei. Miaka tisa iliyopita nilikuwa naona Cornas nzuri kwa euro 30 na kitu. Sasa euro 50 ni kawaida. Nikikumbuka tenga langu sioni pa kulalamika kwa sauti kubwa, lakini mshahara wangu haupandi mteremko ule.

Ukinunua, ilaze gizani. Ya 2010 bado ina nguvu, usiikimbilie. Ya 2015 ni ya jua, nene. Ya 2014 ilikuwa nyepesi na sasa ndiyo wakati wake. Siku ya kunywa fungua asubuhi, au imimine kwenye jagi la kioo muda wa saa tatu kabla ya kunywa, taratibu, uache mashapo chini ya chupa. Usiinywe ya moto. Jikoni kwetu wakati wa baridi tunaipeleka mezani na nyama ya nguruwe mwitu iliyochemka siku nzima, na kwa wasiokula hiyo, bega la kondoo na zeituni. Samaki hapana, nimejaribu, ikageuka kuwa misumari.

Mwezi wa pili mwaka huu nilifungua 2010 ya Balthazar, Chaillot, baada ya mgahawa kufungwa. Nilikuwa na mwenzangu Mngazija anayeosha vyombo, kazi niliyoanzia mimi. Yeye hagusi kileo, lakini humwambii akae mbali na glasi. "Kaka, pua haina dhambi," husema, na kwa kweli ana pua kuliko mhudumu wetu mwenye cheti ukutani. Akaizungusha, akainusa, akanyamaza kitambo. "Zeituni," akasema. "Moshi wa kuni mbichi. Halafu kuna ubani, lakini ubani wa jana, uliozimika chumbani." Nikainusa tena. Ubani wa jana, kweli.

Nilikunywa glasi mbili, nikaacha ya tatu chini kidogo nikaenda kulala. Asubuhi nilimkuta amefika kabla yangu, vyombo vyote vimeoshwa na kupangwa, isipokuwa glasi ile moja. Ameiacha peke yake katikati ya meza ya chuma. "Bado inanuka," akaniambia. "Nitaiosha mchana."